Mgono Mtupu Hauna Jibu

Kaa hushikwa kwa nyuma. Mtu wa kwanza kuniambia hivyo aliniambia kaa akiwa tayari ananing'inia kwenye kidole changu, na hakuonyesha dalili yoyote ya kusikitika. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi vijana mliobaki kwenye kitengo chetu mmekuwa mkinisumbua, tangu siku mliponikatia keki ya kuniaga, niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo nitaviacha, maana vilikuja kwa kuchelewa na vikakuta nimeshazoea kukaa bila. Mshahara nao mnaujua, haujawahi kumshtua mtu. Nitaandika juu ya mitego, juu ya Mzee Okelo aliyenifundisha kuitega, na juu ya kijito kimoja cha Nyakach ambacho mpaka leo nikisikia jina lake moyo unanidunda.

Niliripoti kazini Kisumu katikati ya miaka ya themanini, msichana wa Kimaragoli niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na Kiswahili cha shule, Kiingereza cha kuombea kazi na Kidholuo cha kununulia samaki. Niliposikia kwamba ni kitengo cha kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa, nilijiona nimevaa koti jeupe nyuma ya meza. Nilipewa ndoo, na gambuti za mwanamume ambazo mguu wangu ulikuwa ukicheza ndani. Mkubwa wetu, mtu mpole aliyependa kuongea huku akitafuta miwani yake, alinieleza kazi asubuhi hiyo hiyo. Zamani, alisema, mito inayotoka milimani huku Nyanza ilikuwa na usubi, inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo. Usubi huyo akimuuma mtu miaka na miaka humwachia ugonjwa unaoanza na kuwashwa ngozi na kuishia kwenye upofu. Kabla ya uhuru mito ilitiwa dawa na usubi akatoweka. Kazi yetu ilikuwa kwenda mto kwa mto kuhakikisha hajarudi.

Nilimuuliza kaa anaingiaje katika hadithi hiyo. Akanieleza kwamba mabuu ya usubi wa huku hayakai kwenye mawe kama ya nzi wengine. Yanajibandika kwenye mwili wa kaa wa mtoni, hasa pale miguu inapoungana na tumbo, na kaa anayatembeza bure kama abiria asiye na nauli. Kwa hiyo ukitaka kujua kama usubi yupo, huna haja ya kumfukuza hewani. Mshike kaa, mgeuze, mkague. Nilipokwenda nyumbani Maragoli mwisho wa mwezi mama aliniuliza serikali imenipa kazi gani. Nikamwambia nashika kaa. Akasema tuombe.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Okelo, mtu wa Dunga kando ya ziwa, ambaye alikuwa amevua mumi na kamongo, samaki wa matopeni, kwa migono ndani ya mafunjo tangu utotoni. Mgono, kwa msiowahi kuuona, ni kapu refu la kunasia samaki. Mbuta, yaani sangara, walipojaa ziwani na kila mtu akakimbilia nyavu, yeye hakutaka nyavu, akaja kwetu kuwa mtegaji. Alifunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni hata akiwa ndani ya maji, na alikuwa shemasi kanisani kwao. Sasa, Wajaluo hawali kaa, na kwa mvuvi wa mumi kuonekana akimtega kaa ilikuwa ni kushuka.

"Mimi ni mvuvi ya mumi," aliniambia siku ya kwanza. "Kaa ni takataka ya maji. Lakini kama serikali inapenda takataka, mimi ni nani?"

Mgono wake aliusuka kwa matete na kamba ya katani, urefu wa mkono wa mtu mzima, mdomo mpana na mkia uliofungwa kwa kamba inayofunguka. Siri iko kooni. Ndani ya mdomo husukwa koo la vijiti vyembamba vinavyoelekea ndani na kukaribiana, ili kaa asukume na kupita, lakini akigeuka akutane na ncha. "Kuingia ni karibu. Kutoka ndio maneno," alisema Okelo. "Kama ndoa." Alikuwa na wake wawili na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mgono wangu wa kwanza niliutega mtoni juu ya Katito, mdomo ukiangalia maji yanakotoka, kwa sababu nilidhani kaa husombwa na maji akaingia. Asubuhi tulikuta majani, matope na patipati moja ya mguu wa kushoto. Okelo aliipima patipati ile kwenye mguu wake kwanza, kisha ndipo akanifundisha. Harufu ya chambo inateremka na maji, na kaa anaifuata akipanda. Kwa hiyo mdomo uangalie chini, maji yanakokwenda. Chambo kizuri ni matumbo ya mbuta yaliyolala siku moja juani, na kisiachwe wazi. Kifungwe ndani ya kipande cha gunia katikati ya mgono, kaa ahangaike nacho asimalize haraka akatafuta njia ya kurudi. Mgono utiwe mawe mawili ya kuulaza, usukumwe chini ya mwamba penye kivuli, ufungwe kwenye mzizi, na usikae juu juu kama umekuja kutalii. Utegwe alasiri, utolewe asubuhi mapema. Ukichelewa, kaa wataanza kukatana miguu, au fisimaji atakuja kuupasua mgono wote na kukuachia vijiti. Ukiona wingu jeusi mlimani, toa mitego hata kama uliitega sasa hivi.

Aliniambia pia nisinawe kwa sabuni ya kunukia kabla ya kutega. Sijui kama hilo lina ukweli, lakini sijawahi kuthubutu kulijaribu, na nyinyi pia nawashauri msijaribu.

Kumshika ni kama nilivyokwisha kusema. Kidole gumba tumboni, cha shahada mgongoni, nyuma ya magando, naye atapiga hewa mpaka achoke. Unamgeuza juani, unapitisha lenzi kwenye kila ungio la mguu, chini ya mkia, pembeni mwa macho. Ukimaliza unamrudisha pale pale ulipomtoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wangu ni shahidi kwamba niliinama. Tulizunguka mito ya Nyakach, ya upande wa Kendu Bay na ya huko juu kuelekea Kisii. Watoto wa shule walitukimbilia wakiimba "Madam Kaa! Madam Kaa!" na kwa muda mrefu nilikuwa nikijulikana kwa jina hilo sokoni Katito kuliko kwa jina la baba yangu. Niliolewa, nikapata binti, Mideva, na bado niliitwa Madam Kaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiangazi, alipoingia ofisini mwanamke aliyevaa nguo za kanisani, viatu ameshika mkononi.

"Ni nyinyi mnapima kaa?" aliuliza.

Waliokuwemo walicheka. Mimi nilimpa kiti, kwa sababu katika miaka yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuja mwenyewe kutuuliza habari za kaa.

Jina lake lilikuwa Dorsila. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, akiishi tambarare ya Kano karibu na Ahero, kwenye kipande cha shamba walichoazimwa na watu wa upande wa mama mkwe wake. Kila masika mto Nyando ulijaa na maji kuingia ndani. "Ile maji haipigi hodi," alisema. "Mwaka jana niliweka watoto juu ya meza, mimi nikasimama nashika meza hivi, mpaka asubuhi. Mdogo alikuwa anauliza, mama, meza inaweza kuogelea?" Aliposema hivyo alicheka, kisha akafuta macho kwa pindo la kitambaa cha kichwa.

Ardhi ya ukweni kwake ilikuwepo, tena nzuri, Nyakach juu ya Katito, mteremko ambao maji hayawezi kusimama, kando ya kijito kinachokwenda kuingia mto Sondu. Lakini ilikuwa tupu. Baba mkwe wake, Mzee Nyangweso, alipata upofu huko akiwa bado kijana, na ndugu zake wawili vilevile, ndipo ukoo ukahama. Usubi aliisha baadaye, lakini wao hawakurudi. Mzee aliapa kwamba hakuna mtu wa damu yake atakayelala tena kando ya maji yale. Na bila yeye haikuwezekana. Kwa desturi yao boma jipya halianzishwi na mtu peke yake, sembuse mjane. Mkubwa wa ukoo hutangulia, ndiye anayeonyesha mahali. Ukijijengea tu bila yeye, utakuwa na nyumba, lakini hapo hapatakuwa kwenu.

"Nilimuuliza, na kama serikali imepima kaa, na mto iko safi," nikasikia sauti yake ikishuka, "alisema labda atarudi. Mimi nimetoka Ahero na hiyo labda."

Mkubwa wetu aliipata miwani yake, akamtazama, akasema kijito hicho kilikuwa kwenye mzunguko wetu wa baadaye na hakuna kinachozuia kukitanguliza. Akanionya mimi pembeni. Tukipata kaa wenye mabuu, tumwambie ukweli mama wa watu. Tukikosa kaa kabisa, hatuna la kumwambia, maana mgono mtupu hauna jibu.

Tulikwenda, mimi na Mzee Okelo, tukapanga chumba Katito. Dorsila alifikia kwa jirani wa zamani wa ukoo wao, hatua chache kutoka kijitoni, akawa anatupikia. Kijito kilikuwa kama tulivyofundishwa kwamba kaa hupenda, kivuli kizito, mawe, maji baridi yanayokimbia. Okelo alikitazama akasema hapa tutapata mpaka tukatae. Tukatega. Asubuhi tukatoa mitego, mitupu. Tukatega tena juu zaidi, na tena chini, mitupu. Mimi nilidhani ni chambo, tukaagiza matumbo mapya kutoka Dunga kwa mwenye basi ambaye hakutusamehe ile harufu. Bado mitupu.

Jambo lililomtesa Okelo ni kwamba chambo kilikuwa kimetafunwa. Gunia lilikuwa na matundu, nusu ya matumbo imekwenda. Kwa hiyo kaa waliingia, wakala, wakatoka. Kwenye koo alilosuka yeye! Fisimaji hakuwa, maana hakuna kijiti kilichovunjika. Alifumua koo la kila mgono na kulisuka upya, akakaza. Halafu akafumua tena. Alikuwa hali vizuri. Jioni moja aliniambia kwa sauti ya chini, shemasi yule, akiniita binti wa Maragoli kwa lugha yake, "Nyar Maragoli, hapa kuna mkono ya mtu." Nilimwambia aache ushirikina. Nyuma ya milima mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri, na Dorsila alikuwa akiyatazama kuliko alivyotazama sufuria.

Kesho yake Okelo hakungoja wakati wetu wa kawaida. Kulipokuwa kunapambazuka tu alinigongea mlango, tukapanda. Tulimkuta Dorsila ndani ya maji, gauni amelifunga kiunoni, mgono wetu ameukumbatia kifuani na mkia wake umefunguliwa. Kwa mkono wa kulia alikuwa ameshika mwiko wa ugali. Anamsukuma kaa kwa mwiko, kaa anaanguka majini, mama anaruka nyuma kwa woga, kisha anarudi kwa mwingine.

"Mama Dorsila," nikasema. "Unafanya nini?"

Hakujificha. "Nasaidia," akajibu.

"Unasaidia nini?"

"Nyinyi mkipata kaa mtasema mto iko na ugonjwa. Si mnatafuta kaa kwa sababu kaa ndio inaleta? Mimi natoa. Leo zimekuwa nyingi, sijamaliza." Halafu, kwa upole wa mtu anayeomba radhi, "Hiyo kitu inafinya vibaya sana. Sijui mnaishikaje."

Okelo aliketi kwenye jiwe. "Nimesuka hiyo koo mara mbili, mama!" alisema. "Mara mbili! Nimeacha kula! Yawa!" Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokosa mahali pa kutokea.

Nilitaka kukasirika. Tulikuwa tumepoteza siku nyingi za kiangazi ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyezihitaji. Lakini mtu akisimama mbele yako na mwiko, amelowa mpaka kifuani, vidole vimevimba kwa kufinywa na kitu anachokiogopa, na yote hayo ameyafanya alfajiri kila siku kwa ajili ya watoto wake, hasira inapata wapi nafasi? Nilivua gambuti, nikaingia majini nikamweleza. Kaa si ugonjwa. Kaa huishi kila mto. Tunamtaka kaa aje atuonyeshe miguu yake. Akija akiwa safi, huyo ndiye shahidi wako. Asipokuja, huna shahidi, na baba mkwe wako atakuwa na haki ya kukataa.

Alinisikiliza, midomo yake ikisogea kama anarudia maneno. "Kwa hivyo hii siku zote," akasema polepole, "ni mimi nilikuwa najifungia mlango?"

Niliuchukua mgono mikononi mwake. Ndani walikuwa wamebaki kaa wawili. Nikamshika mmoja kwa nyuma, nikamgeuza, nikamuita Dorsila aje aangalie na lenzi. Nikamshikia mkono uliokuwa na lenzi. Miguu yote ilikuwa safi.

Kuanzia hapo hatukupata mtegaji mwingine kama yeye. Alijua kila shimo la kijito kile kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwarudishia kaa makwao. Sasa migono ilitoka mizito, na Okelo akarudi kula. Tulikagua asubuhi mpaka jua linapanda, mimi na lenzi, Dorsila akinipa kaa mmoja mmoja, na kila nilipomgeuza mmoja yeye alizuia pumzi. Mara moja niliona kidoa cheusi kwenye ungio la mguu, kidogo, kimekaa pale pale panapohusika. Nilikichokoa kwa mwiba, kikamomonyoka, kumbe ni tope lililokauka. Nilipoinua macho Dorsila alikuwa amegeuka, anaangalia upande mwingine, mikono kichwani. Tulipandisha mitego mpaka chemchemi na kuiteremsha mpaka Sondu. Wote walikuwa safi. Mkubwa wetu alikuja mwenyewe, akakagua pamoja nasi kutwa nzima, akazungukia na watu wa kando ya kijito kuangalia ngozi zao na kuwauliza kama wanaumwa na chochote mchana. Mwishowe akamwambia Dorsila bila kuzungukazunguka, "Mama, hapa hakuna usubi."

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe tulikuwa bado hatujaanza.

Mzee Nyangweso tulimkuta Ahero kwenye nyumba iliyokuwa na mstari wa tope ukutani, kiunoni mwa mtu, pale mafuriko ya mwaka uliopita yalipofika. Alikuwa mwembamba, msafi, macho yake yamefunikwa na weupe. Tulimweleza yote, Dorsila akitafsiri pale Kiswahili chetu kilipokuwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Serikali ni watu wazuri," alisema. "Asante. Lakini serikali haiishi huko kwa mto."

Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa ameumwa yeye na ndugu zake wote. Mzee Okelo, ambaye kwa siku hiyo alikuwa amevaa koti juu ya vifungo vyake, aliinuka bila kusema akaenda garini akaleta ndoo. Alikuwa amebeba kaa kadhaa kwenye majani mabichi, bila kuniomba ruhusa. Akamshika mmoja, akamwekea mzee mkononi, akamwelekeza vidole mahali salama. "Jaduong', mzee wangu, angalia mwenyewe," akamwambia.

Mzee alimgeuza kaa. Alijua anachotafuta. Alisema walipokuwa vijana, wakichezea kaa mtoni, walikuwa wakikuta vitu kama punje za wimbi vimeshika miguuni, wakavidhania ni uchafu. Alipitisha kidole gumba kwenye kila ungio, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine. Alimrudia mara ya pili. Akaomba mwingine.

"Hii ni safi," alikubali hatimaye. Dorsila alishusha pumzi, lakini mzee alikuwa hajamaliza. Uso wake ulinielekea mimi. "Wewe Nyar Maragoli, uko na mtoto?"

"Niko na msichana mmoja, Baba. Ameanza shule."

"Unaweza kuleta huyo msichana, acheze kwa hiyo mto? Mchana, kutwa? Hiyo kitu inauma mchana."

Nataka mnielewe vizuri, nyinyi mnaokwenda sasa kwenye vijiji na lenzi zenu. Nilikuwa nimekagua kijito kile kuliko nilivyowahi kukagua kingine chochote. Nilijua kwamba ni salama, na nilijua pia kwamba hata angeumwa mara moja, ugonjwa ule hauletwi na kuumwa kwa siku moja. Nilikuwa tayari kumwambia mjane apeleke watoto wake wanne wakaishi pale maisha yao yote. Lakini nilipoulizwa habari ya wangu, ulimi ulikuwa mzito. Niliogopa. Na mzee, ambaye haoni, aliuona woga wangu kabla sijafungua mdomo, akangoja.

"Nitamleta, Baba," nikasema.

Nyumbani, baba yake Mideva aliniuliza swali moja tu, kama nina uhakika. Nikasema ndiyo, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumamosi tulipita Ahero tukamchukua mzee, Dorsila na watoto wake. Tangu tulipoipita Katito na gari kuanza kupanda, Mzee Nyangweso alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Tulimkalisha kwenye mkeka ukingoni. Mideva alikuwa na gauni lake la mikono mifupi, miguu mitupu, kama mzee alivyotaka. Watoto wa Dorsila walimfundisha kuziba maji kwa mawe. Baada ya muda mfupi alikuwa amelowa mpaka nywele, anapiga kelele kwa Kiluhya, wao wanamjibu kwa Kidholuo, na hakuna aliyeonekana kukosa kitu. Mimi nilikaa karibu na kumwangalia kila inzi aliyepita. Mzee alikuwa anasikiliza. Mtoto akinyamaza kidogo, kichwa chake kinageuka. Akicheka tena, kinarudi. Chakula alikikataa. Okelo, ambaye hakuwa na mgono wa kutega siku hiyo, alikaa naye wakiongea habari za mumi wa zamani, mzee akijibu neno moja moja.

Jua lilipoanza kulala mzee alisema, "Niletee mtoto."

Nilimkausha Mideva kwa kanga nikamsimamisha mbele yake. Nilikuwa nimemweleza njiani kwamba babu haoni, kwa hiyo anaangalia kwa mikono. Mzee alianza na shingo na nyuma ya masikio, akashuka mikononi, upande wa juu na upande wa chini, halafu akauchukua mguu mmoja akauweka pajani mwake. Alikagua kuanzia paja mpaka kifundo, kidole gumba kikipita taratibu, kama alivyofanya kwa kaa. Mideva alikuwa akijizuia kucheka kwa sababu anatekenywa. Dorsila alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

Vidole vikasimama chini ya goti. "Hii nini?"

"Nilianguka shuleni," akasema Mideva. "Nilikuwa nakimbizwa na Kevo."

"Na hii?"

"Hiyo ni tope, Babu."

Mzee alilisugua lile tope kwa kidole mpaka likatoka, akagusa ngozi, akaisugua tena. Hapakuwa na kitu. Akauchukua mguu wa pili. Alipoumaliza hakumwachia mtoto mara moja. Alikaa ameshika unyayo wake, uso ameelekeza kule sauti ya maji inakotoka, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta. Aliwataja ndugu zake wawili kwa majina, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayewaambia kwamba chakula kiko tayari.

Kisha akaomba fimbo yake. Okelo akamshika kiwiko, lakini mzee ndiye aliyeongoza njia, akipanda mteremko kwa hatua fupi, akigusa nyasi kwa fimbo, mpaka fimbo ikagonga mawe yaliyozama ardhini, mawe ya ghala la mama yake. Hapo akasimama, akageuka pole pole mpaka upepo wa kijitoni ukampiga usoni.

"Dorsila."

"Baba."

"Nyumba hapa," akasema. "Na gate iangalie mto."